Asasi Kadhaa Chini ya Paa Moja: Mwongozo Kamili wa Kutumia Jengo kwa Pamoja na Kuhudumia Jamii

Mwanamke anayekimbia kipigo nyumbani akiwa na watoto wawili ana mahitaji mengi ya siku hiyo hiyo: pa kulala, matibabu, mtu wa kumweleza haki zake kisheria, na mtu wa kukaa na watoto wakati yeye anahojiwa. Mara nyingi huduma hizo zipo, ila zimetawanyika kwenye asasi nne zenye ofisi nne zisizokaribiana. Kila anapofika anaanza upya: jina, umri, kilichotokea, kilitokea lini. Wengi huishia ofisi ya pili. Shida yao haijaisha. Kilichoisha ni nauli, muda, au nguvu ya kusimulia maumivu yale yale mbele ya mgeni mwingine.

Kumwondolea mtu mzunguko huo ndiyo sababu kubwa ya asasi kuhamia pamoja. Kupunguza gharama za pango ni faida ya kweli, na hapa chini tutaipigia hesabu, lakini asasi zilizokutanishwa na pango peke yake huishia kuwa wapangaji wanaosalimiana kwenye korido. Kila hatua ya mwongozo huu naipima kwa swali moja: je, anayekuja kuhudumiwa atapunguziwa mlango wa kugonga?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1884 Samuel na Henrietta Barnett walianzisha Toynbee Hall mashariki mwa London, nyumba ambamo wasomi waliishi na kufanya kazi katikati ya mtaa maskini. Jane Addams na Ellen Gates Starr walilichukua wazo hilo hadi Chicago na kufungua Hull House mwaka 1889. Kufikia 1911 ilikuwa imekua na kuwa na majengo 13, yenye malezi ya watoto wadogo, madarasa ya watu wazima na kumbi za mikutano. Karibu zaidi na wakati wetu, Iceland ilifungua kituo cha watoto kiitwacho Barnahus mwaka 1998. Mtoto anayedhaniwa kudhulumiwa kingono huhojiwa na mtaalamu mmoja katika nyumba iliyopangwa kama makazi ya kawaida, huku polisi, waendesha mashtaka na maafisa wa ustawi wa jamii wakifuatilia kutoka chumba kingine. Uchunguzi wa daktari na tiba ya kisaikolojia hupatikana hapo hapo. Wataalamu ndio wanaomfuata mtoto. Sweden, Norway na Denmark zimeuchukua mfumo huo, na mwaka 2002 San Diego, Marekani, ilifungua kituo kinachowakusanya polisi, waendesha mashtaka na asasi za kiraia kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa nyumbani.

Hatua ya 1: Chora njia ya mtu kabla ya kutafuta jengo

Kosa linaloanza mapema kuliko yote ni kuona jengo zuri kisha kutafuta wa kulijaza. Anzeni upande wa pili. Kila asasi ichukue majalada ya watu iliowahudumia karibuni, iondoe majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, kisha mkae pamoja mezani na karatasi kubwa. Kwa kila jalada chora alikoanzia, alikoelekezwa, kama alifika, na alikopotelea. Baada ya majalada ishirini au thelathini picha itajitokeza: kuna huduma ambazo mtu huyo huyo anazihitaji siku hiyo hiyo, na kuna ambazo anazihitaji baada ya mwezi. Zile za siku moja ndizo zinazostahili kukaa jirani. Zile za baada ya mwezi zinaweza kuwa na dawati la siku moja kwa wiki, bila chumba cha kudumu.

Kisha waulizeni watumiaji wenyewe, kwa mazungumzo ya ana kwa ana zaidi ya hojaji. Waulize saa wanazoweza kuja, usafiri wanaotumia, wanayemwogopa kukutana naye mlangoni. Swali hili la mwisho ni zito, maana majibu yake huweza kubadilisha mpango mzima. Zipo huduma ambazo hazifai kukaa pamoja. Makazi ya siri ya waliokimbia ukatili hayawezi kuwa kwenye jengo ambalo anwani yake imebandikwa kila mahali. Asasi inayoyaendesha iweke ofisi ya ushauri katika jengo la pamoja, na makazi yabaki kwingine bila kutajwa. Programu ya kurekebisha tabia za wanaume waliopiga wake zao haipaswi kutumia mlango mmoja na wanaopokea wanawake hao, hata kama siku zinapishana. Kwa upande mwingine, huduma za virusi vya ukimwi, afya ya akili au uraibu hunufaika sana na jengo la watu mchanganyiko, kwa sababu anayeingia mlango mkuu anaweza kuwa amefuata darasa la kompyuta, na hakuna jirani atakayejua tofauti. Ndiyo maana kibao cha nje kinatakiwa kiwe na jina la jengo tu, bila orodha ya magonjwa na matatizo.

Hatua ya 2: Amueni mnataka ushirikiano wa kina kipi

Mshauri wa Marekani Arthur Himmelman alipanga ushirikiano wa asasi katika ngazi nne, na mpangilio wake unasaidia sana kuondoa maneno matupu. Ngazi ya kwanza ni kupeana taarifa. Ya pili ni kupeana taarifa na kurekebisha shughuli ili zisigongane. Ya tatu inaongeza kuchangia rasilimali: chumba, gari, mfanyakazi. Ya nne inafika mahali ambapo kila asasi inamjengea mwenzake uwezo, kwa faida ya wote na lengo la pamoja. Kila ngazi inadai muda zaidi, kuaminiana zaidi, na kuachia sehemu ya mamlaka yako.

Kutumia jengo moja ni ngazi ya tatu tayari. Asasi ambazo hazijawahi hata kuoanisha ratiba zinaporukia ngazi hiyo zinajitafutia ugomvi. Nashauri jaribio la miezi mitatu kabla ya kusaini chochote kikubwa: chagueni siku moja ya wiki, kila asasi ilete mhudumu mmoja kwenye ofisi ya mmoja wenu, na muwahudumie watu pamoja. Mtajua haraka nani anachelewa, nani anaahidi asichoweza, na nani watu wanamwamini. Jaribio likishindikana mmepoteza siku chache. Mkataba wa miaka mitano ukishindikana hupotea mengi, pamoja na imani ya watu mliotaka kuwasaidia.

Hatua ya 3: Kaguaneni kwa uwazi

Hapa hapana haja ya maneno mengi. Kila asasi iweke mezani cheti cha usajili, katiba, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, orodha ya madeni, hati za bima, sera ya kuwalinda watoto na watu walio hatarini, na barua ya bodi inayokubali ushirikiano. Bila barua ya bodi, mkurugenzi akibadilika mpango unaondoka naye.

Ongezeni swali moja ambalo watu hulikwepa kwa heshima: mfadhili wenu mkubwa akiondoka kesho, mtaendelea kulipa sehemu yenu kwa miezi mingapi? Asasi inayojibu "mmoja" isifukuzwe. Wenzake wanatakiwa tu kulijua hilo mapema, ili ipewe dawati au chumba cha muda mfupi badala ya kubebeshwa theluthi ya mkataba.

Hatua ya 4: Nani aweke saini kwenye mkataba wa pango?

Njia ziko nne, na kila moja ina mzigo wake.

Ya kwanza ni asasi moja kuwa mpangaji mkuu na kuwapangisha wengine. Ni rahisi na ya haraka, na mwenye jengo huipenda kwa kuwa anashughulika na mtu mmoja. Hatari yote hubaki kwa mpangaji mkuu: mwenzake akishindwa kulipa, yeye bado anadaiwa. Wale wengine nao wanakaa kwa hisani, na wanaweza kujikuta wanaongozwa na aliye mwenzao. Kabla ya kuanza, hakikisheni mkataba mkuu unaruhusu kupangisha upya, na muulizeni mhasibu kama pato la kupangisha litaathiri msamaha wa kodi wa asasi hiyo.

Ya pili ni wote kusaini pamoja. Inaonekana ya usawa, lakini someni kwa makini kifungu kinachosema wapangaji wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja". Maana yake ni kwamba mwenye jengo anaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote, na kwa kawaida atamfuata mwenye akiba. Jaribuni kumshawishi mwenye jengo akubali kila mmoja wenu awajibikie sehemu yake tu. Akikataa, wekeni amana ya pamoja.

Ya tatu ni kuunda chombo kipya, chenye bodi inayotoka kwenye asasi zote, kiwe ndicho kinachoshika jengo. Kwa mpango wa miaka mingi, au mnapotaka kununua, hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Inagharimu usajili, ukaguzi wa hesabu wa peke yake na mikutano ya ziada, kwa hiyo haifai kwa asasi mbili ndogo zenye mkataba wa mwaka mmoja.

Ya nne ni kupewa nafasi na mamlaka ya mtaa, taasisi ya dini au shule, mara nyingi bure au kwa bei ya chini. Pokeeni kwa shukrani, na ombeni maandishi. Jengo la bure lisilo na karatasi huchukuliwa siku uongozi unapobadilika. Ulizeni pia nani anatengeneza paa likivuja, kwa sababu jengo la bure lenye paa bovu linaweza kuwa ghali kuliko la kupanga.

Hatua ya 5: Lipimeni jengo kwa macho ya anayeingia

Nendeni na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mtu asiyeona vizuri, na mama mwenye mtoto mgongoni. Watawaonyesha katika nusu saa yale ambayo wahandisi wengi hawayaoni. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika, ambavyo hutumiwa sana kama kipimo, vinataka mteremko usizidi uwiano wa 1 kwa 12. Kwa hiyo ngazi zenye kimo cha sentimita 30 zinahitaji mteremko wa urefu wa mita 3.6, na uwanja mdogo wa mbele huenda usitoshe. Mlango uache uwazi wa sentimita 81.5 hivi, na chooni pawe na nafasi ya kama mita 1.5 ya kugeuzia kiti.

Sauti ni jambo la pili, na ndilo linalosahaulika zaidi. Simameni wawili katika chumba kitakachokuwa cha ushauri, mzungumze kwa sauti ya kawaida, na wa tatu akae kwenye viti vya kusubiria. Akisikia hata sentensi moja, chumba hicho hakifai hadi kitengenezwe. Kuta za mbao nyembamba zisizofika darini hufanya jengo lionekane la kisasa na huua usiri siku ya kwanza. Ziba uwazi wa juu, weka mlango mzito, au hamishia ushauri kwenye vyumba vya mwisho wa korido na uweke stoo katikati.

Mengine ya kuangalia: njia mbili za kutokea wakati wa moto, chumba cha ushauri ambamo mhudumu anakaa karibu na mlango, kona ya watoto inayoonekana kutoka mapokezi, makabati yenye kufuli kwa kila asasi, na angalau chumba kimoja kisicho cha mtu, kinachoweza kuwekewa nafasi kwa saa.

Hatua ya 6: Pigeni hesabu ya gharama mbele ya wote

Ugomvi wa pesa hauletwi na uchoyo peke yake. Mara nyingi kila mtu anapiga hesabu yake kichwani, kwa kanuni tofauti, halafu anaona ameonewa. Dawa ni kanuni moja, iandikwe, iwe na mfano.

Tuseme asasi tatu zinapanga jengo la mita za mraba 200. Ya kwanza ina vyumba vya mita 60, ya pili 40, ya tatu 20. Zinazobaki 80 ni za wote: ukumbi wa mita 50, na mita 30 za mapokezi, korido na vyoo. Pango tulihesabu kama vipande 1,000. Mkigawana kwa ukubwa wa vyumba peke yake, ya kwanza italipa 500, ya pili 333, ya tatu 167.

Lakini ukumbi hautumiki sawa. Sehemu yake ni 50 kati ya 200, yaani vipande 250. Vitoeni pembeni. Vipande 750 vilivyobaki vigawanywe kwa vyumba: 375, 250 na 125. Kisha ukumbi ugawanywe kwa saa. Ikiwa kwa mwezi unatumika saa 40, ya kwanza 4, ya pili 12 na ya tatu 24, basi zitalipa 25, 75 na 150. Jumla mpya ni 400, 325 na 275.

Tazama asasi ya tatu: imepanda kutoka 167 hadi 275. Kwa haki ya matumizi, hesabu ni sahihi. Lakini huenda asasi hiyo ndiyo kikundi kidogo cha vijana, chenye pesa kidogo kuliko wote, na ndicho kinacholeta watu wengi mlangoni. Mnaweza kukubaliana wakubwa waibebe kwa mwaka mmoja, na naona ni uamuzi mzuri. Sharti liwe moja: uandikwe kama mchango wenye kiasi na tarehe ya kwisha. Msaada uliofichwa ndani ya hesabu hugeuka manung'uniko kwa anayetoa na aibu kwa anayepokea.

Umeme wekeeni mita ndogo kwa kila asasi ikiwezekana, hasa kama kuna friji ya dawa au karakana. Intaneti igawanywe kwa idadi ya wafanyakazi. Mshahara wa mpokezi ugawanywe kwa idadi ya wageni wa kila asasi, na upitiwe upya kila miezi sita. Tengeni pia mfuko wa matengenezo kila mwezi, na akiba ya miezi mitatu ya gharama za jengo katika akaunti yenye watia saini kutoka asasi tofauti. Hifadhini karatasi ya mgawanyo kila mwezi: mkaguzi wa mfadhili atauliza gharama imegawanywaje, na hatakubali pango lile lile kudaiwa kwa wafadhili wawili.

Hatua ya 7: Andikeni mambo madogo

Hati nyingi za makubaliano zimejaa maono na dhamira, halafu hazisemi nani anafungua mlango asubuhi. Andikeni nani ana funguo na nani anabadilisha kufuli mfanyakazi akiondoka. Usafi wa vyoo. Vyombo vya jikoni. Kelele za mazoezi ya ngoma wakati chumba cha pili kuna mtu analia. Maegesho. Ukumbi unawekewaje nafasi, na aliyeiweka asipotokea inakuwaje. Saa za kazi, sikukuu za kufunga, nani anakaa mpaka mteja wa mwisho atoke. Bima ya vifaa vya kila mmoja, na bima ya pamoja ya mgeni atakayeumia ndani ya jengo.

Mengine mawili yanastahili aya yake. La kwanza ni maombi ya fedha. Siku moja asasi mbili za jengo hilo zitaomba ruzuku ile ile. Kubalianeni sasa kwamba kila mmoja atamjulisha mwenzake anapoona tangazo, na kwamba hakuna atakayetumia takwimu za jengo zima kama zake bila kusema. La pili ni mishahara. Washauri wawili wanaokaa vyumba vinavyopakana, kazi ileile, watagundua kwamba mmoja anapata mara mbili ya mwenzake, na pembeni yao yupo anayejitolea bila malipo. Hamwezi kusawazisha mishahara ya waajiri tofauti, ila mnaweza kuwaambia wafanyakazi ukweli huo kabla ya kuhama, na kusawazisha yaliyo mikononi mwenu: mafunzo, muda wa kupumzika, na heshima kwenye vikao.

Hatua ya 8: Mapokezi na rufaa, moyo wa kazi yote

Hapa ndipo jengo linageuka huduma. Mpokezi awe mmoja kwa wote, aliyefunzwa na asasi zote, na asiulize "umekuja kwa nani?" Mgeni hajui nani ni nani, wala hapaswi kujua. Aulize: "Tukusaidie nini?" Fomu ya kwanza iwe fupi: jina analopenda kuitwa, lugha anayoelewa vizuri, njia salama ya kumpata, jambo la haraka kuliko yote leo, na kama anahitaji msaada wa kutembea, kusikia au kusoma. Neno "salama" lina uzito, kwa sababu simu ya mtu inaweza kuwa mikononi mwa anayemtesa. Muulize kama mnaweza kupiga, saa ngapi, na mjitambulishe kwa jina gani.

Rufaa ya ndani, yaani kumwelekeza mtu kwenye huduma nyingine ya jengo, ifanywe kwa miguu. Mhudumu wa kwanza anainuka, anamsindikiza mtu hadi chumba cha pili, anamtambulisha, na kwa ruhusa yake anaeleza yale ambayo ameshayasema ili asiyarudie. Dakika tano hizo ndizo tofauti kati ya jengo la pamoja na orodha ya namba za simu. Wa pili akiwa na mtu, mgeni apewe saa kamili ya kurudi na jina la atakayempokea.

Kila rufaa iingie kwenye rejesta moja: tarehe, imetoka wapi, imekwenda wapi, mtu alifika au hakufika, kilichofanyika. Tumieni namba ya jalada badala ya jina. Mara moja kwa wiki, kwa nusu saa, wahudumu wakae na kupitia rufaa ambazo hazijafungwa. Kikao hiki kisiwe cha wakurugenzi. Wanaotakiwa ni wale wanaokutana na watu, na ajenda iwe moja tu: nani hajafika, na nani atamtafuta leo. Asasi isiyo na nafasi iseme siku hiyo hiyo. Kumweka mtu kwenye foleni isiyokwenda kunamzuia kutafuta pengine.

Hatua ya 9: Lindeni siri kuliko mnavyolinda vifaa

Kukaa karibu kunarahisisha msaada na kunarahisisha umbea. Gaweni taarifa katika tabaka tatu. Tabaka la kwanza wanaweza kuliona wote wanaomhudumia mtu: jina, njia ya kumpata, miadi. La pili hutolewa kwa ridhaa tu: hali ya familia, makazi, mahitaji. La tatu halitoki chumbani: maelezo ya ushauri nasaha, majibu ya vipimo, na aliyozungumza na wakili wake.

Ridhaa nzuri inataja asasi kwa majina, inaeleza ni taarifa gani, kwa muda gani, na inasema wazi kwamba mtu anaweza kubadilisha mawazo na kwamba kukataa hakumnyimi huduma. Saini ya jumla iliyochukuliwa mlangoni, mtu akiwa ametahayari, haina maana. Vighairi vielezwe kabla hajaanza kusimulia: mtoto akiwa hatarini, au maisha ya mtu yakitishiwa, mtalazimika kuwahusisha wengine. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, kwa hiyo jueni mapema nani kati yenu anawajibika kisheria kwa rejesta ya pamoja.

Na yale ya kila siku: skrini isielekee viti vya kusubiria, mtu asiitwe kwa sauti pamoja na jina la huduma, majalada yasilale mezani. Kundi la simu la wafanyakazi litumike kwa ratiba na funguo. Jina la mteja lisiandikwe humo kamwe, hata kwa nia njema.

Hatua ya 10: Uongozi na migogoro

Kamati ya jengo iwe na mjumbe mmoja kutoka kila asasi, kura moja kila mmoja kwa mambo ya kila siku, bila kujali ukubwa. Matumizi nje ya bajeti yakubaliwe na wote. Wekeni pia viti viwili kwa watu wanaotumia huduma, na muwalipie nauli na muda wao. Mratibu wa jengo awe na mkataba na malipo, hata kama ni ya nusu siku. Kazi hii ikiachwa kwa "yeyote atakayepata nafasi", humwangukia mwanamke mmoja mwenye moyo mpaka achoke.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi watu wanavyotumia kwa pamoja misitu, malisho na maji ya umwagiliaji bila kuviharibu. Aliona kwamba jumuiya zilizodumu zilikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, ufuatiliaji, adhabu zinazoanza ndogo na kupanda taratibu, na njia ya karibu, isiyo ghali, ya kusuluhisha. Jengo lenu ni mali ya namna hiyo hiyo. Anayechelewa kulipa akumbushwe kwa mdomo wiki ya kwanza, kwa barua baada ya mwezi, kisha mkae naye mpange malipo ya awamu. Akikiuka na hilo, apoteze haki ya kuweka nafasi ya ukumbi, na mwisho kabisa apewe notisi. Ngazi hizi zikiandikwa mapema, hakuna atakayesema ameonewa. Chagueni pia msuluhishi wa nje mkiwa bado mnapendana.

Kila robo mwaka kamati iangalie namba chache: rufaa ngapi zilifika kati ya zilizotolewa, siku ngapi zinapita kati ya huduma ya kwanza na ya pili, watu wangapi walipata zaidi ya huduma moja, na kila asasi inalipa nini ikilinganishwa na zamani. Namba ya pili ndiyo ninayoipa uzito. Ikiwa siku hazipungui baada ya mwaka, mmehamisha meza tu, na kikao kinachofuata kirudi kwenye ile karatasi kubwa ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 11: Pangeni jinsi ya kuondoka

Asasi hukua, hufungwa, hubadilisha kazi. Notisi iwe ya miezi mitatu kwa mwenye chumba kimoja, sita kwa mwenye nafasi kubwa, ili wanaobaki wapate wa kuziba pengo la pango. Andikeni nani anamiliki vifaa vilivyonunuliwa pamoja na vinagawanywaje, na kama akiba inarudishwa au inabaki. Anayeondoka aende na majalada yake, na jina lake litolewe kwenye fomu za ridhaa. Kila mtu anayehudumiwa naye aambiwe kwa mdomo, na achague mwenyewe kumfuata au kuhamishiwa kwa mwingine. Kwa miezi sita mpokezi abaki na anwani na simu mpya za asasi iliyohama, kwa ajili ya wale watakaorudi bila kujua kwamba imeondoka.